Kabla barua haijafika: fedha za mfanyakazi anayepunguzwa kazi huvujia wapi

Barua ya kupunguzwa kazi huwa inafika ikiwa imechelewa. Kwanza hukatwa chai ya saa nne, kisha ovataimu. Mshahara uliozoea kuingia tarehe 25 unaanza kuingia tarehe 2, halafu tarehe 6. Wazabuni wanakaa mapokezi na ankara zao mkononi, mhasibu amekuwa mtu wa kutokea mlango wa nyuma, na nafasi ya aliyestaafu mwezi wa tatu haijatangazwa mpaka leo. Anayefagia ofisi huwa ameshajua zamani. Mkuu wa idara ndiye anayejifanya hajui.

Kuna nyakati pia dalili hazionekani kabisa. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka uliofuata, baada ya korona kufunga anga, wakashuka hadi 620,867, na hoteli zilizokuwa zimejaa Februari zikawa tupu Aprili. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Siku nne baadaye, Ijumaa, miradi ikaagizwa kusimamisha kazi. Machi 10 Marco Rubio, waziri wake wa mambo ya nje, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Wauguzi, madereva, watunza takwimu na wahasibu waliokuwa kwenye miradi ya UKIMWI na kifua kikuu hapa nchini hawakuwa wamefanya kosa lolote, wala mashirika yao hayakuwa yamefilisika. Aliyekuwa akilipa ndiye aliyefunga mkoba.

Ushauri unaotolewa kila msimu wa hofu kama hii ni ule ule: weka akiba ya miezi sita. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye hauhitaji. Anayelipwa laki saba Dar es Salaam, ambaye mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na shule inataka ada Januari, hawezi kujenga akiba hiyo katika miezi mitatu ambayo kampuni inayumba. Lakini kuna jambo ambalo washauri hao hawalisemi: sehemu kubwa ya hiyo miezi sita tayari ipo, imeandikwa kwenye sheria na kwenye michango ya hifadhi ya jamii. Maandalizi ya kweli ni kuhakikisha haivuji kabla ya kukufikia. Na inavuja sana.

Ni shilingi ngapi hasa

Tufanye hesabu, kwa sababu wengi hawajawahi kuifanya. Hesabu hii ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005 na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, hivyo aliyeko Nungwi au Darajani asiichukue kama ilivyo.

Chukua mfanyakazi wa ghala Dar es Salaam. Mshahara wake wa msingi ni 780,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku sita kwa wiki, na amekaa kwa mwajiri huyo miaka minane na miezi mitano. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inaishia miaka kumi hata kama umekaa ishirini. Siku moja ya huyu bwana ni kama 30,000, siku saba ni 210,000, mara miaka minane ni 1,680,000. Ile miezi mitano haihesabiwi. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Mwajiri akitaka uondoke leo leo, anakulipa badala yake, tuseme 780,000. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kama nusu yake hajaichukua, anadai kama 360,000. Jumla ni milioni 2.8 na kidogo, kabla ya kodi.

Wengi wakiona namba hiyo hushtuka. Miaka minane, halafu mishahara mitatu na nusu? Ndiyo. Habari za mtu aliyepunguzwa akaondoka na milioni arobaini huwa ni za mgodini au benki, mahali ambapo mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama cha wafanyakazi unatoa zaidi ya kiwango cha chini cha sheria. Kama mahali pako pa kazi pana mkataba huo, utafute sasa uusome. Kama hapana, hesabu yako ndiyo hiyo ya siku saba.

Lipo dai jingine ambalo watu hulisahau: kama uliajiriwa Mbeya ukapelekwa kufanya kazi Mwanza, mwajiri anawajibika kukurudisha Mbeya wewe na mizigo yako, au kukulipa gharama hizo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazokaa ukisubiri usafiri. Ndiyo maana barua ya kwanza ya ajira, ile inayosema ulipatikana wapi, ina thamani. Wengi hawajui hata iko sanduku gani.

Kisha kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaokatwa kila mwezi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yaliondoa fao la kujitoa, jambo lililoleta kelele nyingi, na mahali pake likawekwa fao la kukosa ajira. Aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa mwezi, kwa miezi sita. Kwa mtu wetu wa ghala ni kama 260,000 kwa mwezi, jumla milioni 1.56. Kulipwa fao hilo hakufungi akaunti yake: michango aliyokwisha kuweka inaendelea kuhesabiwa kuelekea ile miezi 180 inayohitajika kwa pensheni ya uzeeni.

Ukijumlisha vyote unapata milioni 4.3 na ushee, yaani mshahara wake wa msingi wa miezi mitano na nusu. Kodi itamega kidogo, na fedha za NSSF haziji siku ya kwanza. Lakini miezi mitano na nusu siyo kidogo kwa mtu aliyedhani hana akiba yoyote.

Barua unayoandikishwa

Mvujo mkubwa kuliko yote hutokea ndani ya dakika kumi, kwenye chumba cha mkutano, na huwa ni wa heshima kabisa. Unaitwa. Bosi anaongea kwa upole, anakuita ndugu yangu, anasema kampuni ina hali ngumu na hataki "kukuchafulia jina". Anashauri uandike barua ya kuacha kazi, naye atakupa barua nzuri ya utambulisho uende nayo mbele. Wakati mwingine karatasi imeshachapwa, imebaki sahihi tu.

Ukisaini, umejitoa mwenyewe. Kiinua mgongo hakikuhusu tena, kwa sababu hulipwa pale mwajiri anapovunja mkataba. Fao la kukosa ajira haliwahusu walioacha kwa hiari. Na ukija kusema baadaye kwamba ulilazimishwa, sheria inakusikiliza, maana inatambua mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri aliifanya isivumilike; ila kazi ya kuthibitisha ni yako, na ushahidi dhidi yako ni mwandiko wako mwenyewe. Kwa mtu wetu wa ghala, sahihi hiyo inamgharimu zaidi ya milioni tatu. Sijui barua ya utambulisho yenye thamani hiyo.

Jibu la chumbani ni fupi: "Naomba niondoke nayo nikaisome, nitaleta jibu." Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini siku hiyo. Kama ni makubaliano ya kuachana yenye malipo mazuri, hayataharibika kwa siku mbili. Linganisha kiasi wanachotaja na hesabu yako, na upite ofisi ya NSSF uulize kama maneno ya makubaliano hayo yatakunyima fao. Wapo waajiri wanaotoa makubaliano yenye nafuu kuliko sheria, na kuyakataa kwa ubishi tu ni hasara.

Pacha wa barua hiyo ni likizo isiyo na malipo. Mwaka 2020 ilitumika sana kwenye hoteli na kampuni za watalii: mfanyakazi hakufukuzwa, hakupunguzwa, aliambiwa apumzike nyumbani hadi hali itakapotengemaa. Kwa miezi miwili, pande zote zikiwa zimekubaliana, ni njia ya kibinadamu ya kuokoa ajira. Lakini likizo isiyo na tarehe ya mwisho inakuacha ukining'inia. Mkataba haujavunjwa, kwa hiyo hakuna kiinua mgongo; mshahara haupo, kwa hiyo hakuna mchango NSSF; na kwa kuwa bado ni mwajiriwa, fao la kukosa ajira nalo hulipati. Ikubali, kama huna budi, kwa maandishi yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na nini kitafuata tarehe hiyo ikifika.

Kupunguza wafanyakazi kihalali kuna njia yake, na kuijua kunasaidia kuona inapokiukwa. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio mara tu anapoanza kulifikiria jambo hilo, kutoa taarifa zinazohitajika ili mazungumzo yawe ya maana, na kushauriana na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama, kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, lini, na malipo. Wasipoelewana, suala linakwenda kwenye usuluhishi, na katika siku 30 za usuluhishi huo mwajiri haruhusiwi kutoa notisi. Vigezo kama aliyeingia mwisho kutoka kwanza, au kubakiza ujuzi adimu, vinakubalika. Ujauzito au uongozi wa chama siyo kigezo. Na notisi haitolewi mtu akiwa likizo.

Kwa hiyo ukisikia kuna kikao cha mashauriano, hudhuria na uulize maswali, na mtu aandike kumbukumbu. Wengi hukaa kimya nyuma ya ukumbi wakidhani anayeuliza ndiye atakayekatwa. Mara nyingi orodha huwa bado haijakamilika, na hapo ndipo vigezo vinajadiliwa.

Walio kwenye mikataba ya muda maalumu, kama wale wa miradi, wana hali tofauti. Mkataba wa miaka miwili ukifika mwisho wake umefika mwisho, labda kama kulikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa kama ulivyohuishwa huko nyuma. Ukivunjwa katikati, jambo la kwanza la kujadili ni miezi iliyobaki. Soma kipengele kinachozungumzia mfadhili kuondoka. Kipo kwenye mikataba mingi ya miradi na wengi walikisoma mara ya kwanza mwaka 2025, baada ya mambo kuharibika.

Michango uliyokatwa ambayo haikufika

Slipu ya mshahara ikionyesha umekatwa asilimia 10 ya NSSF, hiyo ni habari ya kile kilichotoka kwako. Kilichofika mfukoni mwa NSSF ni habari nyingine. Mchango kamili ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuwasilisha zote mbili ndani ya mwezi unaofuata. Kampuni ikianza kukosa fedha, michango huwa kati ya malipo ya kwanza kusimama, kwa sababu mfanyakazi halii. Muuza mafuta ya jenereta asipolipwa, analia siku hiyo hiyo.

Chukua taarifa yako ya michango sasa, ungali kazini, mwezi kwa mwezi, uilinganishe na slipu. Ukikuta mapengo, peleka slipu hizo NSSF na uombe wamfuatilie mwajiri wakati kampuni bado ina ofisi, samani na mtu wa kupokea simu. Ukisubiri mpaka ifungwe, utakuwa unamdai mtu aliyehama. Na kama una michango ya miezi 16, miwili iliyopungua ndiyo inayoamua kama utapata lile fao la miezi sita. Hapa kusogeza tarehe ya kuondoka kwa wiki chache kunaweza kuwa na thamani kuliko nyongeza ndogo ya malipo, na ni jambo la kuomba kwenye mashauriano.

Slipu zenyewe, mkataba, barua za kupandishwa cheo, fomu za likizo: zipige picha ukiwa bado na ufunguo wa droo. Barua pepe ya kazini hufungwa siku ile ile.

Anayefika kwenye akaunti kabla yako

Mtu wetu wa ghala ana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, anadhamini wenzake wawili kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo cha ofisini, na ana deni la mikopo ya simu. Pia, kama wengi, amewahi kwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu, waliomkopesha laki tatu na kubaki na kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Kila mshahara ukiingia, mkopeshaji anatangulia kwenye mashine ya fedha, anachukua chake na riba, kisha anampigia kumwambia kilichobaki.

Sasa fikiria milioni 2.8 za kupunguzwa zinaingia kwenye akaunti hiyo.

Hili ndilo deni la kumaliza kwanza, kabla ya benki na kabla ya kitu chochote, hata ikibidi kuuza televisheni au kuomba kwa shemeji. Si kwa sababu ni kubwa; huenda ndilo dogo kuliko yote. Ni kwa sababu limeshika mlango wa fedha zako zote. Mkopeshaji akigoma kurudisha kadi, nenda benki ifungwe upate mpya yenye namba nyingine. Kadi ni mali ya benki na wewe ndiye mteja. Deni utaendelea kudaiwa, ila atadai akiwa nje ya akaunti yako.

Benki ni suala la mazungumzo. Mkopo wa mshahara kwa kawaida una bima, na watu hudhani bima hiyo inawalinda kwa kila jambo. Nyingi hulipa mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Kupoteza kazi kunaweza kuwemo au kusiwemo, na jibu liko kwenye karatasi ulizosaini bila kusoma. Nenda ukaulize, na omba muda urefushwe ili rejesho lishuke, wakati bado unaonekana mwajiriwa kwenye kompyuta yao. Baada ya barua, ombi lile lile linapokelewa kama habari ya mdaiwa sugu. Wala usichukue mkopo mpya wa mshahara kwa hoja kwamba "nichukue mapema kabla sijafukuzwa". Nimelisikia wazo hili likipigiwa makofi kwenye vijiwe, na ni njia ya hakika ya kuona malipo yako ya mwisho yakimezwa yote.

SACCOS ina mtego wa udhamini: akiba yako inaweza kushikiliwa kwa sababu ya mkopo wa mwenzako, na kampuni ikiyumba mnapunguzwa wote kwa pamoja, mdhamini na mdhaminiwa. Usidhamini mtu wa ofisi hiyo hiyo msimu huu, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana. Michango ya harusi nayo ni deni, ingawa hakuna anayeliita hivyo. Ahadi ya laki mbili uliyoitoa kwenye kikao cha kamati itafuatwa na mweka hazina kwa bidii ambayo benki haina.

Nyumbani, mwambie mwenzi wako sasa. Wapo wanaume wanaoendelea kutoka asubuhi na shati lililopigwa pasi wiki kadhaa baada ya kupunguzwa, wanashinda baa au kwa rafiki, huku familia inatumia kama kawaida. Kila siku ya siri hiyo inalipwa kutoka kwenye zile milioni 2.8. Kadi ya bima ya afya iliyotoka kwa mwajiri nayo itazimwa, kwa hiyo jino, miwani na kipimo ulichokuwa unaahirisha vifanyike mwezi huu.

Saa ya siku thelathini

Ukiona umeachishwa bila sababu halali au bila utaratibu kufuatwa, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huhitaji wakili ili kufungua mgogoro; unajaza fomu namba moja, unampatia mwajiri nakala, na afisa wa chama chako anaweza kukuwakilisha. Ila dai la kuachishwa isivyo halali lazima lifike ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60. Aliye chini ya miezi sita kazini halindwi na masharti hayo ya kuachishwa isivyo halali.

Aliyeachishwa tarehe 3 Septemba, mwisho wake ni tarehe 3 Oktoba. Waajiri wengi wanaijua kalenda hii vizuri. Wiki ya kwanza utaambiwa mkurugenzi yuko safarini. Ya pili, malipo yako yapo kwa mhasibu. Ya tatu, njoo Jumatatu. Ya nne utapokelewa kwa chai na kuombwa uvumilivu kidogo, na wiki ya tano hakuna anayepokea simu yako. Hakuna kinachokuzuia kufungua mgogoro huku mazungumzo yakiendelea, wakilipa, unauondoa. Ukichelewa, ipo fomu ya kuomba kuongezewa muda, nayo inataka sababu ya kila siku iliyopita, na "nilikuwa nasubiri bosi anipigie" ni sababu dhaifu.